Sinema ya Emanuelle na Fomu Namba 363

Mwaka 1975 kundi la Waitaliano lilifika Kenya na kamera, mataa na mwigizaji mmoja wa kike aliyekuwa bado hajulikani. Mwongozaji wao aliitwa Bitto Albertini. Mwaka uliotangulia Mfaransa Just Jaeckin alikuwa ametoa *Emmanuelle*, sinema iliyojaza kumbi za Paris mwezi baada ya mwezi, na kila mtayarishaji wa Rome sasa alitaka yake. Albertini alilichukua jina hilo hilo, akaitoa herufi moja ya m ili asiburutwe mahakamani, akaongeza neno la Kiitaliano lenye maana ya nyeusi, kisha akaenda kutafuta Afrika ya kupigia picha. Emanuelle huyo mweusi hakuwa Mwafrika. Laura Gemser alizaliwa Surabaya, Indonesia, akalelewa Uholanzi. Kwa wanunuzi wa tiketi wa Ulaya hilo lilitosha.

Katika hadithi, Emanuelle ni mpiga picha wa magazeti anayekuja Nairobi kikazi na kupokewa na Wazungu wenye majumba makubwa na muda mwingi wa kupoteza. Wakenya wamo pia: wanabeba vinywaji, wanacheza ngoma, wanapita nyuma ya mtu anayezungumza. Machi ya mwaka huo huo mwili wa mbunge J.M. Kariuki uliokotwa Ngong na mji mzima ukatetemeka. Hakuna hata kivuli cha jambo hilo ndani ya filamu. Nchi ilikodishwa kama pazia la studio ya mpiga picha: milima, twiga, machweo, halafu watu waliotoka Rome wakasimama mbele yake.

Nimtendee haki Albertini: sinema yake ya kwanza ina uchi mwingi kuliko ukatili. Ukatili ulikuja biashara ilipokolea. Mfululizo uliangukia mikononi mwa Joe D'Amato, ambaye jina lake halisi lilikuwa Aristide Massaccesi, na mwaka 1977 peke yake akatoa kadhaa. Moja ilikuwa na vipande vilivyotengenezwa ili vionekane kama mateso na mauaji ya kweli yaliyorekodiwa kwa siri. Nyingine ilikuwa ya walaji watu. Ya tatu ilipewa jina la Kiitaliano ambalo, ukiliweka katika Kiswahili, linauliza: Emanuelle, kwa nini ukatili dhidi ya wanawake? Humo shujaa wetu ni mwandishi wa habari anayewasaka wabakaji na wauza wanawake kutoka mji hadi mji. Kila anapowafikia, kamera hukaa juu ya tendo lenyewe muda mrefu kupita swali lililompeleka. Huo ndio ufundi wa sinema ambazo wenyewe huko Magharibi waliziita za unyonyaji, zile za bei nafuu zilizouzwa kwa kumshtua mtazamaji: huuliza ili zipate ruhusa ya kuonyesha.

Albertini hakuwa wa kwanza kuja kuchuma Kenya. Miaka 20 kabla yake, mwaka 1955, Wamarekani waliuza filamu iliyoitwa *Mau-Mau*, ikitangazwa kuwa habari za kweli kutoka koloni lililokuwa chini ya Hali ya Hatari. Msimulizi alikuwa Chet Huntley, ambaye mwaka uliofuata alianza kusoma taarifa ya habari ya jioni ya NBC na kuwa sauti ya kuaminiwa katika mamilioni ya sebule. Picha halisi zilizotoka Kenya hazikutosha kuvuta watu, kwa hiyo vikaongezwa vipande vilivyoigizwa Marekani: kijiji cha bandia, watu wa kukodi wenye mapanga, wanawake nusu uchi wakikimbizwa. Mtazamaji wa mji mdogo wa Ohio alirudi kwake akiamini amewaona wapiganaji wa Kenya kwa macho yake.

Dhuluma ya kingono ilikuwepo kweli Kenya ya miaka hiyo, ila mahali ambapo hakuna kamera iliyoelekezwa. Ilikuwa ndani ya kambi ambamo watu walichujwa na kuhojiwa, chini ya maofisa wa serikali na askari wao. Jane Muthoni Mara alikamatwa akiwa kijana kwa tuhuma za kuwapelekea wapiganaji chakula. Aliyotendewa aliyasema mwenyewe katika ushahidi wake mbele ya Mahakama Kuu ya London, zaidi ya nusu karne baadaye, kwa maneno yake, kwa wakati alioukubali yeye. Yamo kwenye kumbukumbu za kesi. Sitayarudia hapa, na msomaji hapungukiwi na kitu kwa kutoyasoma.

Karibu taasisi zote zilizoamua mwisho wa hadithi za namna hii nchini Kenya zimerundikana kwenye mwinuko mmoja wa Nairobi, Upper Hill. Simama Community, chini ya jengo la NSSF, utazame huku na huku. Mahakama za Milimani ziko hatua chache. Afya House, makao ya wizara ya afya, iko Cathedral Road. Ubalozi wa Uingereza uko Upper Hill Road. Ukishuka upande mmoja unafika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, upande mwingine Uhuru Park, na ukiifuata Argwings Kodhek Road unatokea Hurlingham, kwenye hospitali ya wanawake tutakayoifikia baadaye kidogo.

Kilima hiki kilianza kama makazi ya maofisa wa reli. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, wakubwa wakapanda juu kwenye hewa na nyumba za mabati na mbao, vibarua wakabaki bondeni. Hospitali ya Wenyeji ilifunguliwa mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40. Mwaka 1952, mwaka ule ule Hali ya Hatari ilipotangazwa, ikapewa jina la Mfalme George wa Sita, na baada ya uhuru ikawa Kenyatta. Bangaluu za reli zimekwisha karibu zote. Mahali pake imesimama minara ya bima, ule wa UAP wenye ghorofa 33 na ule wa Britam unaofika mita 200, na wapangaji wa ofisi wanaolalamikia msongamano wa magari. Mtu anaweza kufanya kazi Upper Hill miaka kumi asijue kwamba ghorofa mbili tatu kutoka dirishani kwake inaamuliwa namna mwanamke aliyebakwa atakavyoulizwa maswali.

Kwa muda mrefu maswali hayo yaliulizwa vibaya, na sehemu ya sababu ilikuwa kwenye sheria zenyewe. Kenya ilirithi Kanuni ya Adhabu ya mkoloni, na ndani yake ubakaji uliwekwa katika sura ya makosa dhidi ya maadili. Mwaka 1963 ikaanza kutumika Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, sura ya 222, ambayo mpaka leo ndiyo inayompa mkaguzi mamlaka ya kusema sinema gani ionyeshwe na ipi izuiwe. Sheria hizo mbili zililinda kitu kimoja, nacho ni heshima ya umma. Mwili wa mwanamke fulani, mwenye jina na maumivu yake, haukuwa hoja. Ndiyo maana nchi iliweza kukagua kwa makini matiti kwenye skrini na papo hapo ikawa haina utaratibu wowote wa maana wa kumpokea msichana aliyefika kituoni saa nane za usiku akivuja damu.

Kuhusu kituo cha polisi kuna kisa kimoja cha New York ambacho kila muuguzi wa zamu ya usiku Nairobi angekielewa mara moja. Mwaka 1974 Meir Zarchi, mtengenezaji filamu, alikuwa akipita na gari karibu na bustani alipomwona msichana akitokea vichakani, uchi na mwenye majeraha. Yeye na rafiki yake wakabishana: polisi au hospitali? Wakachagua polisi. Ofisa aliyewapokea, kama Zarchi alivyosimulia baadaye mara nyingi, alimng'ang'ania msichana kwa jina, anwani na tahajia ya jina la ukoo, ilhali taya lake lilikuwa limevunjika. Mpaka walipoomba kwa ukali ndipo akaruhusu apelekwe kwa daktari. Zarchi alisema kisa hicho ndicho kilichomsukuma kutengeneza filamu iliyotoka mwaka 1978 na baadaye kuuzwa kwa jina la *I Spit on Your Grave*.

Tazama basi alichokifanya. Alikuwa na hadithi mkononi ambayo sinema haikuwa imezoea kuisimulia: wapita njia wenye nia njema waliokosea njia, ofisa aliyependa fomu kuliko mtu, saa zilizopotea. Akaiacha yote. Akaweka badala yake ubakaji mrefu usiokwisha, halafu kisasi cha shoka na kitanzi. Wapo watetezi wa filamu hiyo, baadhi yao wanawake, wanaosema inamchosha mtazamaji mpaka hawezi kufurahia anachokiona. Huenda. Lakini mhakiki Roger Ebert, aliyeitazama Chicago ukumbini, aliandika kwa kuchukizwa zaidi na watazamaji waliokaa karibu naye na kushangilia. Waingereza wakaiingiza katika orodha ya kanda za video chafu iliyowapeleka kwenye sheria ya mwaka 1984.

Na waigizaji? Katika *Last Tango in Paris* ya mwaka 1972, Maria Schneider alikuwa na miaka 19. Mwongozaji Bernardo Bertolucci alikiri mwaka 2013 kwamba jambo moja la tukio la ubakaji alilificha kwa makusudi, alitaka kuona fedheha ya kweli usoni mwa msichana. Hiyo haikuwa sinema ya vichochoroni, ilikuwa ya mabingwa. Tofauti ya bei ya tiketi haikuwa tofauti ya tabia. Laura Gemser kwa upande wake aliishia nyuma ya kamera, akibuni mavazi. Mavazi ya *Troll 2*, inayotajwa mara kwa mara kati ya filamu mbovu kuliko zote duniani, ni kazi yake, na sidhani alijuta kubadilisha kazi.

Turudi Kenya. Usiku wa Julai 13, 1991, katika shule ya mseto ya St Kizito huko Meru, wavulana waliogoma walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa, 71 wakabakwa. Naibu mkuu wa shule alinukuliwa duniani kote akisema kwamba wavulana hawakukusudia kuwadhuru wasichana, walitaka kubaka tu. Wengi wameyachukulia maneno hayo kama ukatili wa mtu mmoja. Mimi nayaona kama ufafanuzi mwaminifu wa sheria ilivyokuwa: kubaka kulihesabiwa utovu wa adabu, kudhuru ni jambo jingine. Nchi ililia kwa ajili ya 19. Kwa wale 71 hapakuwa na dawati, chumba wala karatasi iliyoandaliwa.

Ilichukua miaka kumi. Mwaka 2001 daktari Sam Thenya alianzisha hospitali ya wanawake Hurlingham, na ndani yake kikafunguliwa kituo cha kuwahudumia waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, bila malipo. Mpangilio wake ulikuwa rahisi kuueleza, mgumu kuutekeleza. Zamani mwathiriwa aliripoti polisi kwanza, akapewa namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, na fomu ya P3, kisha akazunguka kumtafuta daktari wa kuijaza, mara nyingi bado amevaa nguo zile zile au, vibaya zaidi, ameshaoga na kuosha ushahidi. Sasa aliambiwa: njoo hospitali kwanza. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28. Za kuzuia mimba nazo zina saa zake. Polisi watakuja baadaye, ukitaka.

Neno hilo la mwisho ndilo zito. Wizara ilipotoa mwongozo wa kitaifa wa kushughulikia ukatili wa kingono mwaka 2004, na kuusahihisha mwaka 2009 na 2014, ilizaliwa karatasi inayojulikana wodini kwa namba yake, MOH 363. Hujazwa nakala tatu. Inaanza kwa idhini: unakubali kupimwa? Unakubali sampuli zichukuliwe? Unakubali taarifa zipelekwe polisi? Mtu anaweza kukubali moja na kukataa nyingine, na muuguzi hana haki ya kununa. Kisha vinakuja mchoro wa mwili wa kutiwa alama za majeraha, orodha ya nguo zilizohifadhiwa, nani alimkabidhi nani, saa ngapi. Katika toleo la baadaye ikaongezwa sehemu ya hali ya akili ya mtu, kwa sababu jeraha lisiloonekana nalo huitwa mahakamani.

Nimewahi kuipitia fomu hiyo neno kwa neno, na kilichonigusa ni jinsi ilivyo kinyume cha muswada wa D'Amato. Sinema ya unyonyaji inataka dakika yenyewe ya tendo na haina haja na saa inayofuata. Fomu inapita kwenye tendo kwa mistari michache, mikavu, kisha inaanza kazi: nani atamsindikiza nyumbani, lini atarudi kupimwa tena, ana mahali pa kulala usiku huu? Si karatasi ya kumponya mtu. Iliyokosekana zahanati ni kama haipo kabisa, na iliyojazwa na daktari asiyetokea kortini hulala faili. Ila ndani yake kuna uadilifu ambao mwongozaji filamu yeyote angeweza kuuiga bila kulipa senti.

Sheria ilifuata mwaka 2006. Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge mteule, aliwasilisha mswada wa makosa ya kingono katika Bunge lililojaa wanaume. Mbunge mmoja alisimama akadai kwamba mwanamke wa Kiafrika akisema hapana anamaanisha ndiyo; wabunge wanawake wakainuka na kutoka nje. Mswada ulipita ukiwa umepunguzwa. Kipengele cha ubakaji ndani ya ndoa kiling'olewa. Kikachomekwa cha kumwadhibu mlalamishi ambaye madai yake yataonekana ya uongo, na kilikaa pale mpaka mwaka 2012 kikitisha watu wasiripoti. Hata hivyo ubakaji ulitoka kwenye sura ya maadili na kupata sheria yake. Historia ya mapenzi ya mlalamishi haikuruhusiwa tena kuletwa kortini ovyo. Shahidi dhaifu aliweza kutoa ushahidi nyuma ya pazia au kupitia mtu wa kumsemea. Na matibabu katika hospitali ya umma yakawa haki yake.

Miezi 18 haikupita vizuri kabla nchi haijaijaribu sheria hiyo kwa moto. Machafuko yalipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, hospitali ya Hurlingham ilipokea waathiriwa kwa wingi, na hao ni wale tu waliofaulu kupita vizuizi vya barabarani. Wengine walibakwa na majirani, wengine na vijana wasiowajua, wengine na askari wenye sare. Ukibakwa na mwenye sare, utaripoti kwa nani? Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza machafuko hayo, iliwasikiliza manusura faraghani na kuandika sura nzima juu ya ukatili wa kingono katika ripoti yake ya Oktoba 2008. Hilo la faragha ni muhimu, maana kipindi kile kile Nairobi ilijaa watu wenye kamera.

Hapa pana mstari mwembamba, na waandishi wa habari tunapenda kujifanya hatuuoni. Mwenye kamera aliyekuja mwaka 2008 hakuwa Albertini. Alikuwa na huruma, alikuwa na mhariri anayemsubiri, na mara nyingi alikuwa na shirika la kumtambulisha kwa manusura. Lakini mama aliyeombwa kusimulia mara ya tano, mbele ya mgeni wa tano, kwa kuahidiwa kwamba dunia itasikia, alikuwa na haki ya kujiuliza dunia hiyo ina masikio mangapi. Mashariki ya Kongo mtindo huu ulifikia kilele. Kwa daktari Denis Mukwege, pale hospitali ya Panzi, Bukavu, vikundi vya filamu vilipokezana. Lisa F. Jackson, Mmarekani aliyetengeneza *The Greatest Silence* iliyoonyeshwa mwaka 2008, alianza kwa kuwaeleza wanawake wa Kivu yaliyompata yeye mwenyewe Washington mwaka 1976, kisha akawasikiliza. Walimwuliza maswali, naye akajibu. Hiyo ni heshima ya namna yake. Katika filamu hiyo hiyo aliwaweka pia wanajeshi mbele ya kamera wakisimulia waliyotenda, na sehemu hiyo sijawahi kuikubali kikamilifu. Wabakaji hupenda kusikilizwa, na baadhi yao walizungumza kama watu wanaojisifu.

Manusura wenyewe walianza kuweka masharti. Wangu Kanja, aliyevamiwa Nairobi mwaka 2002, aliunda taasisi yenye jina lake mwaka 2005 na baadaye akasaidia kuwakusanya manusura wa kaunti mbalimbali katika mtandao mmoja. Anasimulia kisa chake anapotaka, na hukataa asipotaka. Aprili 2022 kanuni zilizopewa jina la Nadia Murad, Myazidi aliyeshiriki Tuzo ya Nobeli ya Amani na Mukwege mwaka 2018, ziliwekwa mezani kwa ajili ya wanahabari na wachunguzi wa dunia nzima: usimhoji mtu kama huna haja ya lazima, mweleze hatari kabla hajakubali, mwachie njia ya kujiondoa. Wauguzi wa MOH 363 wangeshangaa kusikia kwamba hilo ni jipya.

Miaka kadhaa kabla ya kanuni hizo, kamera zilikuwa zimeshashuka bei mpaka mifukoni mwa makondakta. Septemba 2014 mwanamke mmoja alivuliwa nguo na kudhulumiwa ndani ya basi la Githurai, na waliomtenda wakarekodi. Novemba mwingine akavuliwa katikati ya jiji, kwenye stendi ya Embassava, na video ikasambaa kabla hajafika nyumbani. Safari hii hapakuwa na Mtaliano. Mtengenezaji, msambazaji na mtazamaji walikuwa Wakenya, na tiketi ilikuwa bando la intaneti. Kundi la akina mama wa Kilimani kwenye Facebook liliitisha maandamano; Novemba 17 mamia wakakusanyika Uhuru Park na kuingia mjini. Mwezi uliofuata Bunge likaingiza katika Kanuni ya Adhabu kosa la kumvua mtu nguo kwa nguvu, kifungo kisichopungua miaka 10. Mwaka 2018 sheria ya uhalifu wa kompyuta ikafanya kusambaza picha za faragha za mtu kuwa kosa. Katika kesi ya Githurai, video waliyojirekodia wenyewe iliwaponza, na mwaka 2017 watatu wakahukumiwa kifo kwa wizi wa kimabavu. Wizi ndio uliobeba adhabu kubwa zaidi. Maadili ya kale ya sheria zetu bado yana meno upande wa mali.

Bodi ya kukagua filamu, huko Uchumi House, ilikuwa na shughuli nyingine. Aprili 2018 ilipiga marufuku *Rafiki* ya Wanuri Kahiu, hadithi ya mapenzi ya wasichana wawili. Kahiu alisema alitakiwa abadilishe mwisho, kwa sababu ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Filamu hiyo ina tukio la umati kuwapiga wasichana hao, fupi, bila ulafi, na baada yake inawafuata hadi kituo cha polisi, pale maofisa wanapowafanyia mzaha huku damu haijakauka. Kahiu aliiweka saa ambayo Zarchi aliitupa. Septemba Jaji Wilfrida Okwany aliruhusu ionyeshwe siku saba, na watu wakapanga foleni kwenye ukumbi wa Prestige, Ngong Road.

Kabla ya hapo, deni la zamani lilikuwa limelipwa kwa sehemu. Juni 6, 2013, William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alisimama bungeni London kutamka kwamba serikali yake inajutia mateso ya Wakenya katika Hali ya Hatari, na kutangaza pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Kesi iliyofungua mlango huo ilikuwa ya wazee wachache, Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi na Jane Muthoni Mara miongoni mwao, na Jaji McCombe aliiruhusu iendelee mwaka 2011 na tena mwaka 2012, licha ya serikali ya Uingereza kudai kwamba muda umepita mno. Walitumia majina yao kamili. Walitaka yajulikane. Septemba 2015 mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa Uhuru Park, mwendo wa dakika chache kutoka ubalozini.

Manusura wa mwaka 2007 na 2008 walichagua kinyume. Februari 20, 2013, wanawake sita na wanaume wawili, pamoja na mashirika manne ya haki za binadamu yakiwemo COVAW na IMLU, waliishtaki serikali katika Mahakama Kuu, Milimani, ombi namba 122 la mwaka huo. Hakuna jina lao linalojulikana. Katika hati zote wao ni herufi: tatu tatu, kama namba za gari. Walikuwa na majirani, waume, watoto waliokuwa wakikua bila kujua. Kesi ilidumu karibu miaka minane, mikutano ya waandishi ikifanywa na mawakili.

Desemba 10, 2020, Jaji Weldon Korir aliamua kwamba serikali ilikiuka haki zao kwa kushindwa kuchunguza na kushtaki. Wanne walipewa shilingi milioni nne kila mmoja. Wanne wengine hawakupata kitu. Waliowavamia hawakuwa maofisa wa serikali, na hapakuwa na ripoti ya polisi ya kuonyesha kwamba serikali ilijua na ikanyamaza. Mawakili wao walikuwa wameeleza barabara zilivyofungwa wiki zile, na vituo vya polisi ambavyo hakuna mwanamke mwenye akili timamu angeingia. Wakaamua kukata rufaa.